Sura ya Nne: Kutoka Kidole hadi Kisu

Mtu akianguka kifafa stendi ya mabasi, haichukui muda kabla hajajitokeza wa kuitisha kijiko. "Leteni kijiko, asije akameza ulimi!" Kijiko kikipatikana, meno hutanuliwa kwa nguvu, na mwisho wake mara nyingi ni fizi zinazovuja damu, jino lililokatika, au kidole cha msaidizi kilichong'atwa. Ulimi haumezeki. Umeshikamana na sakafu ya kinywa na mfupa wa taya, hauna pa kwenda. Anachohitaji mgonjwa yule ni kuondolewa vitu vya kumjeruhi, kisha mtikisiko ukiisha alazwe ubavu ili mate na matapishi yamwagike nje, na apate mtu wa kukaa naye mpaka azinduke.

Wanaoitisha kijiko wamekosea dawa, lakini mshukiwa wao ni yule yule anayeshukiwa na madaktari. Tukiwa macho, misuli iliyo chini ya kidevu huuvuta ulimi mbele kutwa nzima bila sisi kujua. Usingizi wa kawaida huilegeza kidogo, ndipo watu wakakoroma. Dawa za nusu kaputi, pigo la kichwa, pombe iliyozidi au malaria iliyopanda kichwani huilegeza kabisa. Mgonjwa akiwa chali, shina la ulimi hurudi nyuma na kuziba koo. Kaakaa laini nalo huangukia humo humo, pamoja na kidakatonge, kile kifuniko kidogo kinacholinda mlango wa pumzi tunapomeza. Mapafu ni mazima na moyo unadunda, ila kati ya hewa ya chumbani na hewa ya mapafuni pamelala nyama ya sentimita chache.

Njia ikizibika nusu hutoa sauti: mkoromo, mluzi, au mlio wa majimaji kooni. Ikizibika kabisa haitoi sauti yoyote. Kifua huzama tumbo likiinuka, kisha huinuka tumbo likizama, na asiyejua huamini mgonjwa anapumua kwa kuwa anamwona akitikisika. Ndiyo maana wanafunzi wa uuguzi hufundishwa kusogeza shavu karibu na pua ya mgonjwa na kuisikia pumzi kwenye ngozi. Ubongo uliokosa oksijeni huanza kudhurika baada ya dakika nne hivi. Vifaa vya sura hii, kuanzia plastiki ya bei rahisi hadi kisu, vyote vinapigania dakika hizo, na historia yao ina watu wengi waliokuwa na kifaa sahihi karibu na mkono wakachelewa kukishika.

Taya

Kifaa cha kwanza hakinunuliwi. Ulimi umefungwa kwenye taya la chini, kwa hiyo taya likisogea mbele, ulimi hufuata. Msaidizi husimama upande wa kichwa, akaweka vidole nyuma ya kona za taya, chini kidogo ya masikio, akaliinua mpaka meno ya chini yapite mbele ya meno ya juu. Mnorwe Jacob Heiberg na Mjerumani Friedrich von Esmarch walilieleza jambo hili katika miaka ya 1870, enzi ambayo klorofomu ilikuwa ikiua watu kwenye meza za upasuaji na wengi wakidhani lawama yote ni ya moyo.

Maarifa hayo yalibaki vyumba vya upasuaji. Mtaani na ufukweni, kwa miongo kadhaa aliyezama majini alilazwa kifudifudi, akabanwa mgongo na kuinuliwa mikono. Katika miaka ya 1950, Peter Safar, daktari wa usingizi mzaliwa wa Vienna aliyekuwa akifanya kazi Baltimore, Marekani, aliamua kupima. Aliwachukua watu waliojitolea, akawalaza kwa dawa, akawapa na kurari, ile sumu inayolegeza misuli yote hadi mtu asiweze kuvuta pumzi mwenyewe. Kisha akawaita waokoaji wa kawaida wawapumulie. Kubana mgongo na kuinua mikono mara nyingi hakukupitisha hewa ya kutosha, kwa sababu koo lilikuwa limefunga. Kichwa kikilazwa nyuma na kidevu kikiinuliwa, njia ilifunguka na pumzi ya kinywa kwa kinywa ikatosha. Jaribio la namna ile kamati yoyote ya maadili ya leo ingelikataa, lakini ndilo lililoingiza kitendo cha kuinua kidevu katika kila kozi ya huduma ya kwanza duniani.

Plastiki yenye kona

Tatizo la mikono ni kwamba inachoka, na anayeshika taya hawezi kufanya kingine. Mwaka 1908 Frederic Hewitt, daktari wa usingizi wa London, alitengeneza mrija mfupi wa kuingia kinywani na kuuzuia ulimi usirudi. Mwaka 1933 Mmarekani Arthur Guedel akatoa umbo lililodumu mpaka leo: kipande kilichopinda kufuata kaakaa, chenye tundu katikati ya kupitisha hewa, sehemu ngumu ya kung'atwa na meno, na ukingo bapa unaokaa nje ya midomo kisizame. Cha kwake kilikuwa cha mpira. Cha leo ni cha plastiki, nacho ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo kabisa katika wodi. Wauguzi hukiita kwa jina la mwenyewe tu: "Nipe Guedel."

Kukitumia kuna ufundi wake. Kwanza kinapimwa juu ya shavu: ukingo kwenye kona ya mdomo, ncha kwenye kona ya taya. Kikiwa kifupi kinausukuma ulimi nyuma na kuziba pale pale ulipotaka kufungua. Kikiwa kirefu kinaweza kukandamiza kidakatonge juu ya mlango wa pumzi. Kwa mtu mzima huingizwa kikiwa kimepinduliwa, ncha ikitazama kaakaa, na kikifika katikati hugeuzwa nusu duara kikakumbatia ulimi. Kwa mtoto mdogo hakigeuzwi hivyo, maana kaakaa lake ni laini na huchubuka. Ulimi hushikwa chini kwa kijiti bapa, kifaa kikaingia moja kwa moja.

Mgonjwa mwenye fahamu hakivumilii. Atakikohoa, atatapika, na matapishi yakiingia mapafuni ni balaa jipya. Kwa hiyo Guedel hutoa na habari pia: anayeipokea bila kukunja uso amezama kweli, na anayeanza kuisukuma kwa ulimi katika chumba cha kuzindukia anarudi, basi aachwe aiteme. Kwa aliye katikati ya hali hizo mbili, au aliyeuma meno, upo mrija laini wa kupitia puani. Huo nao huepukwa pale inapohofiwa kuwa sakafu ya fuvu imevunjika.

Mpira ndani ya trakea

Guedel huuzuia ulimi lakini haiwezi kuzuia matapishi wala damu kushuka mapafuni. Kwa hilo yapasa kupita nyuzi za sauti na kuingia kwenye trakea yenyewe, bomba la hewa. Mwaka 1878, huko Glasgow, daktari mpasuaji William Macewen alikuwa na mgonjwa mwenye saratani kwenye shina la ulimi. Alijua kwamba akianza kukata, damu itamzamisha mgonjwa. Baada ya kujizoeza kwenye maiti, alimwingizia mrija kwa kuongozwa na vidole vyake, mgonjwa akiwa macho, akapitisha klorofomu humo na kufungasha vitambaa pembeni kuzuia damu. Miaka michache baadaye, mwaka 1885, Joseph O'Dwyer wa New York alianza kuwawekea mirija midogo ya chuma watoto waliokuwa wakikabwa na dondakoo, ugonjwa ambao hutandaza utando mzito kooni.

Wote hao walifanya kazi kwa kupapasa. Kuona kulikuja polepole, na chombo kinachotumika zaidi leo kimetokana na jicho kali la Robert Macintosh, mzaliwa wa New Zealand aliyekuwa profesa wa kwanza wa usingizi Oxford. Alipokuwa akitazama kinywa cha mgonjwa aliyewekewa kifaa cha kupanua mdomo kwa upasuaji wa mafindofindo, nyuzi za sauti zilimjia wazi mbele ya macho bila kutafutwa. Mwaka 1943 alichapisha maelezo ya laringoskopu, chombo cha kutazamia koo, yenye ubapa uliopinda. Ncha yake haigusi kidakatonge. Huingia kwenye kibonde kilicho kati yake na ulimi, na mkono ukiinua kuelekea mbele na juu, kidakatonge hunyanyuka chenyewe.

Simama karibu na daktari wa usingizi anapofanya kazi hiyo. Mgonjwa amevutishwa oksijeni safi kwa dakika kadhaa ili mapafu yawe na akiba. Dawa imeingia, misuli imelegea, kifua kimetulia. Laringoskopu iko mkono wa kushoto, inaingia upande wa kulia wa ulimi na kuusogeza kushoto. Kinaonekana kidakatonge, kisha nyuma yake pembetatu nyeusi iliyozungukwa na nyuzi mbili nyeupe. Mkono wa kulia unapitisha mrija wa mpira katikati yake, puto dogo lililo karibu na ncha linajazwa hewa, na sasa hakuna kinachoshuka mapafuni isipokuwa kile kinachopita ndani ya mpira.

Puto hilo lilitangazwa kwa namna ya ajabu. Guedel yule yule, akishirikiana na Ralph Waters, alilieleza mwaka 1928, na ili kuwashawishi madaktari wenzake alimlaza mbwa wake kwa dawa, akamwekea mpira wenye puto, kisha akamzamisha kwenye tangi la maji mbele ya hadhira. Mbwa aliendelea kupumua chini ya maji kupitia mpira, akatolewa, akazinduka, akajikung'uta. Jina lake lilikuwa Airway.

Hatari ya kazi hii ipo nyuma ya pembetatu ile: umio, njia ya chakula. Mpira ukitumbukia humo, hewa inajaza tumbo, mapafu yanabaki matupu, na kwa kuwa mgonjwa ana akiba ya oksijeni, kipimo cha oksijeni cha kidoleni kitaendelea kuonyesha hali nzuri kwa muda. Kusikiliza kifua kwa stetoskopu husaidia lakini kumewahi kuwadanganya hata wazoefu. Shahidi wa kuaminika ni kaboni dayoksaidi: mapafu huitoa kwa kila pumzi, tumbo halina chanzo cha kuendelea kuitoa. Kapnografia ni mashine inayoichora gesi hiyo kwenye skrini, mlima baada ya mlima. Mstari ukiwa bapa, mpira uchukuliwe kuwa uko mahali pasipo pake mpaka ithibitike vinginevyo. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliotolewa mwaka 2011 uligundua kwamba kutotumia kapnografia kulichangia sehemu kubwa ya vifo vya njia ya hewa katika vyumba vya wagonjwa mahututi.

Vyumba hivyo vyenyewe vilizaliwa na mpira wa kooni. Mwaka 1952 polio ilivamia Copenhagen, na wagonjwa waliopooza misuli ya kupumua walikuwa wakifa takriban tisa kwa kila kumi. Daktari wa usingizi Bjørn Ibsen alishauri koo litobolewe, mpira wenye puto uingizwe hapo, na hewa isukumwe kwa mkono kutoka kwenye mfuko. Mgonjwa wa kwanza, binti wa miaka 12, alifufuka mbele ya madaktari waliokuwa wamekwisha kukata tamaa. Mashine hazikuwapo za kutosha, basi wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana kubinya mifuko usiku na mchana kwa miezi. Idadi ya wanaokufa ikashuka mara mbili na zaidi.

Barakoa inayokaa kooni

Kwa upasuaji mfupi, kuingia mpaka kwenye trakea ni kazi kubwa kupita haja. Mwaka 1981 Archie Brain, daktari wa usingizi jijini London, alijiuliza kwa nini barakoa ikae juu ya uso ilhali mlango wa pumzi uko chini kooni. Alichukua ukingo wa mpira wa barakoa ya ganzi ya meno, akaubandika kwenye mrija, na baada ya kuchunguza makoo ya maiti kwa kuyajaza plasta ili apate umbo lake, akapata kitu kama kijiko chenye ukingo wa kujazwa hewa. Kinaingizwa bila laringoskopu, kinafuata kaakaa, na kinaketi juu ya mlango wa pumzi. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1983, na kifaa kikaingia sokoni mwaka 1988.

Kuziba kwake hakuna uhakika wa puto la trakea, hivyo mgonjwa aliyeshiba au mjamzito wa dharura hawekewi kama kuna njia nyingine. Thamani yake kubwa imeonekana pale mpira unapogoma kuingia: muuguzi aliyefundishwa anaweza kuiweka kwa sekunde chache na oksijeni ikapita.

Kisu

Kuna siku vyote hivyo hushindwa. Usiku wa tarehe 14 Desemba 1799, George Washington, rais wa kwanza wa Marekani, alikuwa akikabwa kitandani kwake Mount Vernon. Madaktari wengi wa leo wanaamini kidakatonge chake kilikuwa kimevimba. Madaktari watatu walimzunguka, na walimtoa damu mara kwa mara kama tiba ya zama hizo ilivyotaka. Mdogo wao, Elisha Dick, alipendekeza koo litobolewe chini ya uvimbe. Upasuaji huo ulijulikana, ila ulifanywa mara chache, na wakubwa wake hawakuukubali. Washington alikufa usiku ule.

Miaka mia mbili na ushee baadaye, Machi 2005, Elaine Bromiley alilazwa hospitalini Uingereza kwa upasuaji mdogo wa pua. Barakoa ya kooni haikukaa. Oksijeni ikashuka. Daktari akajaribu kuingiza mpira ikashindikana. Akaja mwenzake, akaja na mpasuaji, wakaendelea kujaribu kuingiza mpira kwa dakika nyingi. Muuguzi mmoja alileta vifaa vya kutoboa koo na kuwaambia kuwa viko tayari. Mwingine alikwenda kutafuta kitanda cha mahututi, akarudi na kuonekana kama anakuza mambo. Elaine hakuzinduka, na baada ya siku 13 alifariki. Mumewe, Martin, alikuwa rubani. Katika kazi yake ajali huchunguzwa ili wengine wasife, si ili apatikane wa kufukuzwa, na alishangaa kuona hospitali hazina mazoea hayo. Mwaka 2007 aliunda kikundi cha kuchunguza jinsi watu wenye ujuzi wanavyoshindwa kuona kilicho mbele yao.

Maelezo yake hayakuwalaumu madaktari kwa kukosa ufundi. Mikono ilikuwa mizoefu na vifaa vilikuwamo chumbani. Kilichowafunga ni lengo: walitaka mpira uingie, wakasahau kuwa mgonjwa alihitaji oksijeni. Saa haikutazamwa, na wauguzi waliojua la kufanya hawakujua namna ya kulisema likasikika kwa wakubwa wao.

Miongozo ya sasa ya Uingereza imejengwa kuzuia hilo. Jaribio la mpira lina kikomo cha idadi. Ukishindwa, unatangaza kwa sauti kuwa umeshindwa, unaweka barakoa ya kooni. Hiyo ikigoma, barakoa ya uso. Hiyo nayo ikigoma, unakata. Chini ya kongoromeo kuna kibonde kidogo kinachofunikwa na utando, unaweza kukigusa shingoni mwako sasa hivi. Vinavyohitajika ni kisu cha upasuaji, kijiti chembamba cha kuongozea na mpira mwembamba namba 6. Kutamka neno "nimeshindwa" mbele ya watu wote kumewekwa ndani ya utaratibu kwa makusudi, ili mdogo chumbani naye apate ruhusa ya kuleta kisu.

Dakika ya kwanza

Ushahidi kwamba mazoea yanazidi vifaa upo Tanzania pia, na unahusu wagonjwa wadogo kuliko wote. Kati ya mwaka 2009 na 2011, wakunga wa hospitali nane nchini walifundishwa mpango wa kumsaidia mtoto mchanga apumue ndani ya dakika ya kwanza: mkaushe, msugue mgongo, safisha kinywa ikiwa kimeziba, weka kichwa sawa, kisha mpulizie kwa mfuko na barakoa. Kichwa cha kichanga hakilazwi nyuma kama cha mtu mzima, maana kisogo chake ni kikubwa na shingo ikikunjwa upande wowote njia hujifunga. Uso hutazamishwa juu tu. Vifaa ni viwili: pampu ndogo ya kunyonya ute, inayooshwa na kuchemshwa, na mfuko wa kubinya kwa mkono. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 vimepungua kwa asilimia 47.

Hospitali ya Haydom, wilayani Mbulu, ilitoa somo la ziada. Baada ya kozi ya siku moja, wakunga walifaulu vizuri kwenye mwanasesere, lakini kazi yao ndani ya chumba cha kujifungulia haikubadilika. Vifaa vilikuwapo, vyeti vilikuwapo. Ndipo utaratibu ukageuzwa: mwanasesere akawekwa kazini, na wahudumu wakawa wanajizoeza kwa dakika chache, mara kwa mara, mwaka mzima. Baada ya hapo vifo vya siku ya kwanza vikashuka.

Bodi ya hospitali inapokaa kupitisha bajeti, mashine mpya hupata mjadala mrefu na picha ya kukabidhiwa. Mfuko wa kubinya, Guedel za saizi zote na mwanasesere wa mazoezi hugharimu sehemu ndogo tu ya fedha hizo. Mjumbe anayetaka kujua kama wagonjwa wa hospitali yake watapumua aulize maswali mawili kabla ya kupiga kura: nani kwenye zamu ya usiku amejizoeza wiki hii, na muuguzi mdogo kuliko wote akisema "daktari, hewa haipiti," je, kazi itasimama?